Kuku Mzee Hana Mwenyewe

Kazi hii ilianza Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Agosti, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Saa naikumbuka kwa sababu redio ya Cucu, nyanya yetu, ilikuwa imemaliza kusoma habari, na Cucu si mtu wa kumkatiza msomaji wa habari. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilisimama mbele ya banda nimevaa sweta ya shule juu ya nguo ya kulala, ndala zimelowa umande, naye akanipa ndoo ya bluu ambayo mkono wake ulishakatika ukafungwa waya. Akasema magoti yake yamekataa mteremko, na kuanzia siku hiyo kuku watano waliokuwa ndani ni wangu. Sikuulizwa kama nataka. Mimi sijawahi kuulizwa kitu nikajibu kwa wakati, kwa hivyo labda aliokoa muda.

Sasa nina miaka kumi na minane na nimestaafu. Jumatatu naenda Meru kwa shangazi yetu wa Makutano, nianze chuo, na ndoo ni yako, Mukami. Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo mimi hupotea katikati ya sentensi, na wewe dada yangu ndiye wa kwanza kunicheka. Nitaeleza hata yale unayodhani unayajua. Nilipoanza ulikuwa na miaka mitano na kazi yako bandani ilikuwa kufukuza vifaranga. Habari za mshahara naziruka, haukuwahi kuwepo.

Siku ile ya kwanza Cucu alinifundisha jambo moja tu. Alimshika kuku, akampindua chini ya kwapa, akachukua vidole vyangu akaviweka chini ya mkia, mahali penye mifupa miwili midogo iliyochomoza. Vidole vitatu vikipita katikati ya hiyo mifupa, anataga. Viwili, anafikiria. Kimoja, amemaliza. Nilitaka kutapika. Cucu ni mama yake Baba, na mimi ndimi niliyepewa jina lake, kwa hivyo huniita mke mwenzake akiwa na furaha. Siku hiyo alikuwa na furaha sana.

"Mke mwenzangu," akasema, "pua itazoea. Kazi iko kwa vidole."

Vifaa vilikuwa vichache. Ndoo. Panga lililovunjika ncha, la kukwangua kinyesi. Debe la majivu, ambayo unayamwaga kwenye kiota kuzuia utitiri, na usipoyamwaga utajikuna wewe kabla ya kuku. Kisu kidogo chenye mpini wa mti kilichokaa juu ya boriti ya banda, ambacho nilikitumia kukata kamba na sukuma wiki. Kilikuwa kikali kuliko kisu chochote cha jikoni. Sikujiuliza kwa nini.

Kuku wawili kati ya wale watano hawakukaa. Mmoja alichukuliwa na mwewe mchana kweupe, mwingine akaenda na kideri. Tangu hapo sijakosa chanjo hata mara moja, na wewe usikose. Watatu waliobaki ndio walionizeesha mimi. Chifu alikuwa mkubwa, mwekundu, na hakuna aliyekula kabla yake. Bibi Harusi alikuwa mweupe na aliogopa matope. Wakesho alikuwa wa rangi ya majani makavu ya ndizi, na aliitwa hivyo kwa sababu ukimtafutia yai leo, lilikuwa la kesho.

Miaka miwili ya kwanza kila mtu alikuwa mfugaji hodari. Mama aliwaonyesha majirani mayai. Baba, aliyekuwa fundi wa mawe kule chini Ishiara na kurudi nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi, alisema mtoto huyu ana mkono. Kuku mchanga humpa sifa hata mtu mvivu. Kazi yenyewe huanza wanapozeeka, na hapo ndipo unagundua kwamba kuku wa mayai ni wa familia yote, lakini kuku mzee hana mwenyewe.

Utaziona dalili. Kilemba cha kichwani hufifia rangi na kulegea. Miguu iliyokuwa imepauka kwa kutaga inarudia unjano, na mgeni atakuambia kuku wako amenona, mwache aseme. Mayai yanakuwa makubwa na machache, halafu siku moja unaokota yai lisilo na ganda, laini kama kope, na unajua. Nilienda agroveti ya sokoni kuuliza kama kuna dawa. Ilinichukua wiki mbili kujipa moyo wa kwenda. Muuzaji aliniuliza kuku ana umri gani, nikasema anakaribia miaka mitano.

"Huyo si kuku," akasema. "Huyo ni jirani."

Watu wote dukani wakacheka. Nilinunua chokaa ya kuku ambayo sikuihitaji, nikatoka.

Chifu ndiye aliyemaliza kwanza. Kidole kimoja, tena kwa shida. Lakini kila asubuhi aliingia kiotani, akakaa nusu saa, akatoka akiimba kama aliyetaga, na kila asubuhi Mama alienda kuangalia na kurudi akininung'unikia mimi, kana kwamba mayai ninayo mfukoni. Mwisho wa mwaka wazee wa kanisa walikuja kuombea nyumba. Baba akamchinja. Nilipouliza kwa nini hatukumchinja wiki tatu kabla, wakati Baba hayupo, Cucu alinikazia macho akasema kwamba katika boma hili mwanamke hashiki kisu cha shingo. Tangu zamani. Basi.

Chifu alichemka kutoka saa tatu hadi saa nane mchana. Mama aliongeza kuni, akaongeza magadi, akaongeza maombi. Mzee mmoja alitafuna paja kwa muda mrefu, akalipumzisha kwenye sahani, akasema kuku huyu ameona mengi. Mimi nilienda kuteka maji mara tatu ili nisikae mezani.

Sasa nifike kwa Bibi Harusi, na hapa sitafanya mzaha mwingi. Nilikuwa kidato cha pili. Alianza kwa kuchechemea. Nikamgeuza, nikaona chini ya unyayo pana kidonda cheusi kigumu kama punje ya hindi. Nilimwosha kwa maji vuguvugu yenye chumvi, nikafunga kwa kitambaa, na ingekuwa mapema ingefaa. Fanya hivyo mapema. Mimi nilichelewa. Mguu ulivimba hadi gotini, akaacha kula, akalala ubavu. Ilikuwa Jumanne. Mama akasema angoje Baba Jumamosi. Cucu akasema atafutwe mwanaume. Hakuna aliyesema ni nani atamtafuta, lakini wote walinitazama.

Unaijua njia yetu. Inatoka barabarani, inapita kahawa ya jirani, inaishia mlangoni kwetu, na zaidi ya hapo ni mto. Mwanaume wa karibu yuko stejini, wale waendesha boda wanne wanaongoja abiria chini ya mgravilea. Nilimtia Bibi Harusi kwenye kikapu, nikafunika kwa leso, nikaenda. Nilipowakaribia walikuwa wanacheka jambo lao. Nikapita kama mtu anayeenda dukani, na kwa kuwa nilikuwa nimefika dukani, nikanunua chumvi.

Jumatano nilirudi. Nikanunua chumvi. Alhamisi vilevile. Mama aliuliza kama kuku anaoshwa mguu au anahifadhiwa kama samaki. Daftari langu la kuku la wiki ile lina mistari mitatu tu inayofanana: bado anapumua, nimepita stejini, sikusema.

Alikufa Ijumaa nikiwa nimempakata, mdomo wazi, baada ya siku nne ambazo mtu yeyote mwenye kisu angezifanya dakika moja. Baba alirudi kesho yake, akauliza chumvi yote hii ni ya nini. Niliapa kwamba hilo halitatokea tena. Niliapia moyoni, mahali ninaposemea kila kitu.

Akabaki Wakesho. Nakuambia ukweli, kuku mzee aliyebaki peke yake ni mtihani. Hakutaka kulala peke yake, hakutaka kulala na wengine. Mama alileta wale wachanga kumi na wawili, na siku ya kwanza tu wakamdonoa shingo mpaka ngozi ikaonekana. Nilimtengea kona kwa kreti ya soda na gunia. Mti wa kulalia niliushusha mpaka kimo cha goti, kwa sababu kuku mzee hupanda vizuri lakini hushuka kama mzigo. Jicho moja lilipofunikwa na ukungu, nilijifunza kumwekea chakula upande wa lile zima, ugali uliolainishwa kwa maji moto, na nikisahau alikula hewa kwa heshima kabisa kisha akanifuata mpaka mlangoni kulalamika. Baba alisema nina mgonjwa wa kulazwa. Mama alisema hata yeye hajawahi kulainishiwa ugali. Kila mtu alikuwa na maneno. Wa kusafisha ile kona alikuwa mmoja.

Asubuhi jua likitoka, Wakesho alikwenda kukaa ukutani mwa jikoni, kando ya kiti cha Cucu. Hawakufanya chochote. Cucu alikunywa chai yake akishika kikombe kwa mikono miwili, kwa sababu mkono mmoja ulishaanza kutikisika, na Wakesho aliokota makombo ya muhogo. Huo ndio mwaka wa amani niliopata kazini.

Jumapili iliyopita tumbo la Wakesho lilijaa maji. Utalijua, linaning'inia kama mfuko, na kuku anatembea kama bata. Kufika Jumanne hakuweza kusimama, alihema mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Nilimpigia daktari wa mifugo. Kwa simu mimi ni afadhali kidogo. Alisema umri huo hakuna la kutibu, mchinje tu asiteseke, na usimle. Nikamweleza Mama aliyekuwa akipalilia.

"Si angoje Baba Jumamosi," Mama akasema bila kuinuka.

Neno kwa neno. Nilimtazama mgongo wake. Nikachukua kikapu.

Stejini walikuwa wanne, kama kawaida. Sikwenda dukani. Nilisimama mbele yao na kutoa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa mbele ya wanaume.

"Naomba mtu anichinjie kuku. Ni mgonjwa, hataliwa. Ni asiteseke tu."

Mmoja akasema, kumbe Wanja ana sauti. Mwingine akasema ana abiria, na hakukuwa na abiria hata wa dawa. Wa tatu akaeleza kwamba kumwaga damu ya kuku asiyeliwa asubuhi mapema kunafunga biashara ya siku nzima, kisha akanyoosha kidole kwa Nyaga. Unamjua Nyaga, yule mkubwa wa koti la manjano, anayebeba magunia mawili ya simiti kwa pikipiki moja. Nyaga akafunua kikapu. Wakesho akamtazama kwa jicho lake moja. Nyaga akakifunika tena taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Kwetu huchinja mama watoto," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mimi damu huniangusha."

Hakuwa ameiteremsha sauti vya kutosha.

"Nyaga! Na ile mbuzi ya Krismasi?"

"Nilishika miguu," akasema Nyaga.

Niliwaacha wakimcheka. Sikucheka. Nilishuka ile njia nikiwa na hasira ya miaka saba. Nilikuwa nimeogopa wanaume wanne kwa siku nne, kuku wangu akaoza mguu, kumbe hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na msaada. Na nyumbani kulikuwa na wanawake wawili wazima na kisu kikali.

Cucu alikuwa ukutani kwenye jua. Nilimweka Wakesho miguuni pake, nikamwambia wanaume wameisha. Akasema tungoje. Ndipo nilipouliza swali ambalo ningeuliza zamani kama ningekuwa mtu wa kuuliza. Guka, babu yetu, alifanya kazi kwenye mashamba ya watu mbali, akipotea miezi mitatu, minne. Wageni walikuja. Kuku waliugua. Nani alikuwa anachinja?

"Mpita njia," Cucu akasema.

"Mpita njia gani?"

"Walikuwa wengi."

"Cucu. Hii njia inaishia kwetu."

Alitazama mto, akatazama kikombe, akatazama mikono yake. Wakesho alihema. Nilihesabu pumzi kumi na moja.

"Mpita njia alikuwa mimi," akasema. "Na kabla yangu alikuwa mama mkwe wangu. Kila boma lilikuwa na mpita njia wake."

Mukami, nilitaka kurusha ndoo. Nilimuuliza, na sikuuliza kwa heshima, kwa nini hakuniambia wakati wa Bibi Harusi. Aliona nikienda na kurudi na chumvi. Aliona siku zote nne. Cucu aliinua mkono wake wa kulia mbele ya uso wangu akauacha hewani, na ukatikisika kama jani, nao haukuacha.

"Ningemkata vibaya," akasema. "Na wewe nilikungoja uulize. Wewe huulizi, mke mwenzangu."

Akanituma kisu cha kwenye boriti.

Nakuandikia namna ya kufanya, kwa sababu hakuna mwingine atakayekuandikia. Mfunge kuku kwenye gunia, kichwa nje, mabawa yabanwe, asijipige. Mfunike macho kwa kiganja mpaka atulie, na atatulia. Mtu wa pili amshike. Kushika hakuhitaji vidole visivyotikisika, kunahitaji uzito tu, na Cucu alimbana Wakesho mapajani kwa mikono yote miwili, akimsemesha Kiembu, maneno yale anayokusemesha wewe ukiwa na homa. Kisu kiwe kikali hata ukiona unazidisha. Kata mara moja, usirudie, usifumbe macho. Mimi nilitaka kuyafumba. Cucu akasema, "Mtazame," nikamtazama, nikakata.

Ilikuwa fupi. Ilikuwa fupi kiasi kwamba nilibaki nimeshika kisu nikingoja sehemu ngumu. Kulia nililia baadaye kwenye kahawa, na machozi mengi hayakuwa ya Wakesho, yalikuwa ya zile siku nne.

Tulimzika chini ya mgomba ulio nyuma ya banda, shimo la kimo cha goti ili mbwa wasimfukue. Mama alifika na jembe begani wakati nafukia. Akauliza ni nani amemchinja. Nilifungua mdomo, Cucu akanitangulia.

"Mpita njia."

Mama alitazama njia yetu tupu. Akatazama mkono wangu.

"Basi apewe maji anawe," akasema, akaenda kuwasha moto.

Asubuhi iliyofuata niliamka saa kumi na mbili na dakika kumi, redio ikimaliza habari, kwa mazoea tu. Nikakuamsha na wewe. Ulilalamika mpaka bandani. Nilimshika mmoja wa wale wachanga, nikachukua vidole vyako nikaviweka kwenye ile mifupa miwili, vitatu vikapita, nawe ukasema unataka kutapika. Kisha nikashusha kisu kutoka kwenye boriti, nikakuonyesha jiwe la kukinolea na pembe ya kukilaza. Nilikuambia kinolewe kila mwezi, hata kama hakuna kuku mgonjwa, kwa sababu ni cha mpita njia. Ukaniuliza mpita njia ni nani. Nikakuambia shika jiwe vizuri, kisu kinateleza.